Kanda ya Dani Phelesia

Mtoto alikuwa akiimba ndani ya nyumba ya Dani, na nyumba ya Dani, nyanya yangu, haikuwa na mtoto.

Nilikuwa uani nikimfunga mbuzi, mlango nimeupa mgongo. Sauti ilitoka nyembamba, kali, ya haraka, kama ya msichana anayeimba huku anaruka kamba. Wimbo niliujua. Ulikuwa wimbo wa dodo, ngoma ya wanawake wetu, ambao nyanya yangu alikuwa akiuongoza kwenye harusi na matanga tangu kabla baba yangu hajazaliwa. Mwimbaji ndiye sikumjua. Kwa kumsikia tu ungesema ana miaka saba na pengo mbele.

Niliacha kamba nikakimbia ndani.

Dani alikuwa peke yake kwenye kiti chake kifupi, shingo imezungushwa bendeji nyeupe aliyotoka nayo hospitali ya Homa Bay. Mbele yake, juu ya stuli, ilikuwa redio kaseti yangu mpya. Alikuwa amejifunika uso wote kwa leso na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mtoto aliimba kutoka ndani ya redio.

Niliizima kwa ngumi.

Lazima nieleze hasira yangu, maana ilikuwa na sababu. Mwaka huo, 1996, Dani Phelesia aliota uvimbe kooni. Madaktari walisema watautoa, na ataishi, atakula, na baada ya muda ataongea. Kuimba, walisema, asahau. Na kwa mwezi mzima baada ya kupasuliwa asitoe neno, hata la kunong'ona.

Asahau! Walisema hivyo huku wakiandika kwenye faili. Mimi ni mtunzi wa mashairi. Hakuna aliyenifundisha. Niliacha shule nikiwa darasa la saba, nikajifunza mizani kwa kuhesabu silabi kwa vidole juu ya usukani wa baiskeli, nikisafirisha samaki. Katika Mbita nzima hapakuwa na mtu wa kunishinda kwa vina, na kama alikuwepo basi alinikwepa. Lakini kila nilichojua juu ya neno kupanda na neno kushuka nilikipata kwenye koo lile moja, mwanamke akikaanga samaki na kuimba, nami nimekaa kwenye jivu nikisikiliza. Sasa koo hilo lilikuwa linakwenda kupasuliwa.

Kwa hiyo niliuza baiskeli. Nilisafiri hadi Migori, ambako vitu vya redio vilikuwa nafuu kwa kuwa mpaka wa Tanzania uko karibu, nikanunua mashine inayonasa sauti. Ndani ya katoni yake mlikuwa na waya wa umeme, karatasi ya maelezo, na kanda moja tupu ya bure.

Alasiri ya mwisho kabla ya safari ya hospitali, Dani alikaa kivulini ukutani akaimba. Nyimbo nne, upande mzima wa kanda. Makofi alijipigia mwenyewe. Katikati ya wimbo wa mwisho mbwa wa jirani alibweka, nikamwambia, "Dani, rudia hapo," akarudia. Nilitumia betri zetu za zamani, sita, ambazo nilikuwa nimezianika juu ya bati siku mbili zikapata nguvu, kama kila mtu anavyofanya. Zile mpya nilizotoka nazo Migori nilizifunga kwenye nailoni nikazificha. Nilitaka siku akirudi aisikie sauti yake kwa betri mpya, si kwa vitu vya kuanikwa.

Siku hiyo hatukusikiliza. Alikataa. Alisema hataki sauti yake imtangulie kule anakokwenda.

Wiki tatu baadaye alirudi, amekonda, macho makubwa. Nilitia betri mpya, nikabonyeza. Wimbo wa kwanza ulitoka kwa sauti yake mwenyewe, hata kikohozi chake. Nilijaa kifua nikawa mkubwa kuliko mlango. Kisha mbuzi akakata kamba akaingia kwenye shamba la sukuma wiki la watu, nikamfukuza hadi njia ya ziwani, na niliporudi naye ndipo nikamsikia yule mtoto.

"Dani, pole," nilimwambia. "Pole sana. Wameniuzia takataka."

Alishusha leso. Uso ulikuwa umelowa. Alinyoosha kidole kwenye redio, kisha akashusha kiganja chake taratibu hadi karibu kugusa sakafu. Akarudia. Redio, kiganja chini. Mara ya tatu alinishika mkono wa shati.

Nilielewa: itupe chini.

"Siitupi," nilisema. "Nitawarudishia wenyewe, na pesa yangu nitaitoa hata ikiwa tumboni mwao."

Alitikisa kichwa kwa nguvu, akanivuta shati mpaka kifungo kikatoka. Nilidhani ni uchungu. Kesho yake kulipopambazuka nilikuwa barabarani, katoni kwapani.

Njia nzima nilitunga. Ubeti ulianzia Homa Bay, ukapata mshororo wa pili Rongo, na pale Awendo malori ya miwa yalipotuzuia nikapata wa tatu na wa nne. Niliingia Migori nikiwa na silaha kamili.

Duka lilikuwa la Mkuria mmoja aitwaye Nchagwa, mtu mpana mwenye kofia nyekundu ya sufu ambayo hakuivua hata jua likiwa utosini. Aliuza redio, tochi na magodoro. Ukutani, juu ya kichwa chake, palikuwa na maandishi: MALI IKISHAUZWA HAIRUDI. Nje kwenye baraza alikaa fundi wake, msichana anayeitwa Trizah, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, mbele yake matumbo ya redio za watu na moshi wa risasi ya kuchomelea.

Sikusalimu. Niliweka katoni juu ya kaunta, nikarudi nyuma hatua moja ili nipate nafasi ya mkono, nikasema:

"Nimekuja na hasira, duka lako navamia,
Sanduku lako si bora, sauti limenilia,
Lipa bila ya kufura, la sivyo utajutia,
Sitoki bila ishara, hela zangu kurudia!"

Mwanamke mwenye beseni la nyanya alisimama mlangoni.

"Umemaliza?" Nchagwa aliuliza.

"Huo ni ubeti wa kwanza."

"Basi pumzika kidogo, kuna mteja." Alimuuzia mtu balbu ya tochi, akampa chenji, akamuuliza habari za mkewe. Kisha akanigeukia. "Sasa. Wewe ni yule Mjaluo aliyekuja na pesa zinanuka samaki. Nakukumbuka. Mashine ina nini?"

"Inadanganya."

"Mashine inadanganya?"

"Niliinasia sauti ya nyanya yangu. Ana miaka sabini na nne. Hiyo mashine yako imemfuta, imeweka mtoto."

Kwenye baraza mtu alicheka. Ni yule fundi. "Mtoto wa nani?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Ningejua ningekuja kumtafutia mama yake hapa?"

"Yuko mkali huyu malenga," Trizah alisema. "Mzee Nchagwa, mpe maji ya kunywa."

"Sitaki maji. Nataka pesa."

Nchagwa alinyoosha kidole ukutani bila kutazama, kama mtu anayeonyesha mahali choo kilipo. Nilimwambia maandishi hayo hayana mizani wala vina, kwa hiyo hayanitishi. Hapo akacheka kidogo, tumbo likatikisika, akafungua katoni. "Haya, tusikie huyo mtoto wako. Kama amezaliwa kwa mashine yangu, nitakulipa mbele ya hawa watu."

Alichomeka waya kwenye umeme wa ukutani. Trizah aliingia akifuta mikono kwa kitambaa, akairudisha kanda nyuma mpaka mwanzo kabisa. "Ukishtaki, shtaki kutoka mwanzo," aliniambia. Akabonyeza.

Dani alikohoa. Kisha akaanza kuimba.

Ilikuwa sauti yake vilevile, ile ya miaka yake ya mwisho ya kuimba, yenye kikwaruzo chini kama chungu kinachoburutwa, na pumzi inayokatika mahali pabaya. Nchagwa alinitazama. "Huyu ndiye mtoto?"

"Ngoja."

"Mimi nasikia mama mtu mzima. Anaimba vizuri. Mashine inafanya kazi."

"Nimesema ngoja!"

Tulingoja. Sikuwa nimewahi kuisikiliza kanda ile moja kwa moja, na sasa nilikuwa nimesimama nayo kwa mara ya kwanza, miguu imekufa ganzi kwa safari, hasira yangu imeiva na haina pa kwenda. Wimbo wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaanza, na mahali fulani humo ndani, sijui ni wapi, na hakuna hata mmoja pale dukani aliyejua ni wapi, kile kikwaruzo kilitoweka. Pumzi ikarefuka. Sauti ikasimama wima. Haikuwa tena ya mwanamke aliyekaa ukutani. Ilikuwa ya mwanamke wa miaka arobaini, mikono kiunoni, wenzake nyuma yake.

Nilisogea karibu na redio.

Maana nilimjua huyo. Ndiye aliyenibeba mgongoni siku mama yangu alipozikwa. Nilikuwa na miaka mitatu. Sikuwa najua kwamba ninamkumbuka, na hata leo siwezi kukuambia uso wake wa siku ile ulikuwaje, lakini shavu langu lilikuwa kwenye mgongo wake alipokuwa akiimba, na shavu langu likaitambua sauti ile kabla ya mimi mwenyewe.

Mwanamke wa nyanya aliweka beseni chini.

Wimbo wa tatu ulikuwa wa msichana. Msichana wa kuposwa, anayejua kwamba watu wanamtazama. Makofi yaliyokuwa mazito mwanzoni sasa yalikuwa mepesi, ya haraka. Madereva wawili wa malori ya miwa waliokuwa wamekuja kununua betri waliingia wakasimama, mmoja ameshika noti yake hewani. Hakuna aliyemuuliza anataka nini. Nje barabarani mtu alipiga honi, na watu sita ndani ya duka wakageuka kumkemea kwa pamoja, "Shhh!"

"Ni mtu yule yule?" Nchagwa alininong'oneza.

"Ni yeye."

"Hakuna dada yake? Binti yake?"

"Alikuwa peke yake. Mimi nilikuwepo."

Kisha akaja mtoto.

Nyumbani nilikuwa nimemsikia kwa hasira, nikamzima. Sasa nilimsikia. Aliimba maneno ya Dani, mapindo ya Dani, na mahali ambapo Dani hupenda kuchelewesha neno kidogo ili wapiga makofi wamsubiri, mtoto naye alichelewesha. Mbwa wa jirani akabweka, na mlio wake ulikuwa wa kitoto cha mbwa ambacho hakijafungua macho. Na mara, katikati ya kimya, mvulana mdogo sana, wa miaka minne labda, akasema kwa Kijaluo, kwa sauti ya kuomba:

"Dani, rudia hapo."

Mwanamke wa nyanya aliguna. "Na huyo kadogo ni nani?"

Fundi Trizah alinitazama, akatazama redio, akanitazama tena. "Ni yeye," akasema. "Ni huyu malenga."

Mahali pengine wangecheka. Mimi ningecheka, kama ingekuwa sauti ya mtu mwingine. Lakini mtoto wa kike alikuwa ameanza kurudia, kwa ajili ya yule mvulana, polepole kidogo ili asikie vizuri, na tulimsikiliza mpaka akawa mdogo zaidi, mwembamba zaidi, kama ndege, na kanda ikagota mwisho.

Nchagwa alivua kofia yake nyekundu. Kichwa chake kilikuwa na upara mweupe usiojua jua.

"Nimeuza redio miaka kumi na moja," alisema. Alizunguka kaunta, akafungua droo, akatoa noti na kuziweka mbele yangu. Zilikuwa pesa zangu zote, na nyongeza juu yake. "Chukua. Umesema kweli, nami nilisema mbele ya watu. Mashine inabaki, na kila kilichokuwa ndani ya katoni kinabaki. Waya, karatasi, kanda."

"Kanda?"

"Kanda ilikuja na mashine, kijana. Ni yangu ikirudi." Sauti yake ilishuka. "Mama yangu yuko Kehancha, ana miaka tisini. Haoni tena. Nataka nimketishe, nimsikilizishe hii. Mama mzee anarudi mpaka anakuwa mtoto. Sijui ni nini hiki, lakini nataka asikie kabla hajaenda."

Nilitazama pesa. Baiskeli yangu ilikuwa pale, matairi yote mawili, na kiti, na kengele. Pale palikuwa na ushindi wangu pia. Ningerudi Mbita niwaambie walionicheka kwa kuuza baiskeli kwamba nilimtoa Mkuria pesa kwa ubeti mmoja tu. Na kanda ile Dani mwenyewe alikuwa ameniambia niitupe. Nilinyoosha mkono. Nilizigusa.

"Ulirekodi kwa umeme?" Trizah aliuliza.

"Umeme wa wapi? Kwetu hakuna umeme. Kwa betri."

"Betri mpya?"

"Nzuri kabisa. Nilizianika siku mbili."

Aliinamisha kichwa, na mwanzoni nilidhani analia, kumbe anajizuia kucheka. "Siku mbili," alisema. "Juu ya bati?"

"Juu ya bati. Kwani ulitaka nizianike wapi, kitandani?"

"Malenga, usiguse hizo pesa kwanza. Mzee, naomba dakika moja."

Alitoka akarudi na kopo la betri kuukuu kutoka chini ya meza yake, zile ambazo watu humwachia. Aliichomoa redio kwenye umeme, akafungua kifuniko cha nyuma, akazipanga sita. Akarudisha kanda kidogo, akabonyeza. Kilichotoka kilikuwa mngurumo, kama fahali aliyekwama topeni. Watu walirudi nyuma. "Hizi zimekufa sana," alisema. Akatoa mbili, akatia nyingine mbili. Akasikiliza. Akabadilisha moja tena.

Na yule mtoto akakua.

Sijui niseme vipi. Alikua hapo hapo, ndani ya neno moja. Sauti iliteremka kama mtu anayeshuka ngazi gizani, akipapasa, hadi ikagusa chini, na chini palikuwa na kikwaruzo, na pumzi fupi, na Dani yangu wa mwezi uliopita, amekaa kivulini, anaimba wimbo wa nne kama alivyouimba. Mbwa akabweka, mbwa mkubwa. Mwanamume mwenye sauti nene akasema, "Dani, rudia hapo." Na nyanya yangu akarudia.

"Betri za kuanikwa huanza na nguvu," Trizah alisema kwa upole, "halafu zinachoka. Zikichoka, kanda inazunguka polepole wakati inanasa. Wewe hujui, maana bado inazunguka. Halafu unaleta betri mpya, inazunguka mbio, na sauti inapanda. Kadiri zilivyochoka, ndivyo nyanya yako alivyozidi kuwa mdogo. Mashine haijadanganya. Imefanya ulivyoiambia."

Madereva wa miwa walitazamana. Mmoja alisema, "Hata mimi huzianika," na mwenzake akasema, "Nani hazianiki?" Duka zima likaangua kicheko, lakini si cha kunidhihaki. Kila mtu pale alikuwa na betri juu ya bati lake.

Mimi sikucheka. Nimezaliwa na shingo ngumu, na kukosea mbele ya watu ni kitu ambacho mwili wangu haujakizoea. Nilitafuta neno la kujibu. Nilitafuta kosa la mashine, la duka, la fundi. Redio iliendelea kuimba juu ya kaunta, na kila nilipopata neno, sauti ya Dani ililipita na kuliacha nyuma.

Nilizisukuma pesa upande wa Nchagwa.

"Mzee," nilisema, "kosa ni langu. Mashine yako ni nzima. Nisamehe kwa ule ubeti."

Nchagwa alizivuta noti upande wake. "Ulikuwa ubeti mzuri," alisema. "Wa pili ulikuwa unasemaje?"

"Ulikuwa unakutukana."

"Basi na usahaulike." Alirudisha pesa kwenye droo, polepole, macho yake yakiwa kwenye kanda. Niliona anaihitaji kweli. Nilimwambia Trizah ainakili, kama ana mashine mbili. Alikuwa nazo. Tulikaa nusu saa nyingine, duka likiwa limejaa mpaka barabarani, na Dani Phelesia akarudi utotoni mara ya pili, safari hii kwa ajili ya mama mmoja kipofu wa Kehancha. Nilipoondoka, Nchagwa alikuwa bado hajavaa kofia, na Trizah alinitilia ndani ya katoni zile betri sita zilizochoka, amezifunga kwenye gazeti.

"Hizi zitakuonyesha nyanya," alisema. "Mpya zitakuonyesha msichana. Lakini hizi hazina siku nyingi, malenga. Kila wiki utahitaji kutafuta zilizochoka kwa kiasi kile kile."

"Nitazipata wapi?"

"Si una bati?"

Kesho yake asubuhi nilimkuta Dani mlangoni. Alipoona katoni kwapani mwangu alisimama, yeye ambaye alikuwa hainuki bila kushikwa. Aliigusa kwa mikono yote miwili. Nilimketisha, nikakaa chini mbele yake, na nikapanga betri kwenye mkeka, mistari miwili: sita mpya zinazong'aa, sita kuukuu zilizochubuka.

"Dani," nilisema, "hizi za zamani zitakurudisha wewe. Hizi mpya zitamleta yule mtoto. Nilikwenda kumuuza. Nilidhani ulitaka nimtupe. Unataka nikuwekee nani?"

Hakusita. Aliweka mkono kwenye zile mpya. Kisha akanyoosha kidole kwenye redio, na akashusha kiganja taratibu, taratibu, hadi karibu na sakafu, na safari hii hakukiondoa. Alikishikilia pale, kimo cha mtoto wa miaka saba aliyesimama kando ya kiti chake. Kwa mkono wa pili akajigonga kifuani.

Ndipo nikaona. Nilikuwa nimeonyeshwa mara tatu, mimi bingwa wa maneno, na mara zote tatu sikusoma.

"Nilikuwa hivi," mkono ule ulikuwa umesema. "Huyu ni mimi."

Nilitia betri mpya. Nilipeleka kanda hadi wimbo wa nne. Mtoto akaanza kuimba, na Dani, koo limefungwa, akafungua kinywa. Hakutoa sauti hata chembe. Lakini midomo yake ilikwenda naye neno kwa neno, haraka kama yeye, ikachelewa alipochelewa, na vidole vyake vikapiga makofi yasiyosikika juu ya magoti. Nilimtazama mwanamke wa miaka sabini na nne akiimba kwa koo la miaka saba, nyumbani kwake, asubuhi, jua likiwa mlangoni. Nimetunga beti nyingi. Sina hata mmoja unaofika pale.

Yule mvulana aliposema, "Dani, rudia hapo," Dani alinigeukia akanishika kidevu, kama alivyokuwa akinishika nikiwa kwenye jivu.

Kanda ilipoisha, alizitazama zile betri kuukuu mkekani, halafu akanitazama mimi, kwa wasiwasi. Alikuwa anauliza juu ya yule mwingine, mwanamke mzima, kama naye atabaki. Nilizikusanya zote sita mkononi, nikasimama, nikavuta ngazi hadi ukutani. Alinifuata mpaka uani. Nikiwa juu, mguu mmoja kwenye bati la moto, nikazipanga moja moja kuelekea jua, na nikamwambia kwa sauti ambayo jirani na mbwa wake walisikia:

"Dani, mashine hii hairudi Migori! Betri sitatupa hata moja, na kila asubuhi nitakuanikia mimi mwenyewe, ili msiondoke, wewe na yule msichana, hata mmoja wenu!"